Kondoo Si Lori

Kuna watu ambao hata wakiketi, miguu yao inaendelea na safari. Dereva alikuwa mmoja wao.

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa ameendesha malori miaka mingi. Hata alipoacha kazi hiyo akarudi nyumbani kufuga kondoo, watu waliendelea kumwita Dereva. Hawakukosea. Kila siku alikuwa macho kabla ya jogoo. Alizunguka banda la kondoo nyuma ya nyumba kama anayekagua matairi. Aligonga nguzo, akatikisa mlango, akachungulia ndani. Alirudi jikoni, akanywa chai akiwa amesimama, kisha akatoka tena kuchungulia.

"Baba Pacha," mke wake alimwambia, "ukiwakodolea macho hivyo, hao kondoo watakonda kwa aibu."

"Wameshakonda, Mama Pacha. Wakikonda tena zitabaki pembe."

Alisema kwa mzaha, lakini moyoni hakuwa na mzaha. Kiangazi kilikuwa kikali. Kondoo walikula nyasi kavu za kando ya barabara na mabua ya mahindi. Walijaza tumbo, lakini hawakukua. Wiki zilipita na migongo yao ilibaki vilevile, mifupa mitupu.

Dereva alikuwa na sababu ya kuhangaika. Binti zake wawili, pacha, walizaliwa yeye akiwa safarini. Walijifunza kutembea yeye akiwa safarini. Siku aliyorudi nyumbani, mmoja wao alijificha nyuma ya gauni la mama yake. Akanong'ona, lakini kwa ule mnong'ono wa watoto unaosikika mpaka kwa jirani: "Mama, mgeni ataondoka lini?"

Watu walicheka. Dereva naye alicheka. Usiku wake hakulala. Aliapa kwamba harudi tena barabarani.

Lakini kiapo hakipikwi kikaliwa. Tajiri wake wa zamani, mwenye lori, alikuwa amempigia simu. "Gari lako lipo," alisema. "Nakungojea mpaka mvua zianze. Zikianza, nampa mtu mwingine." Dereva na mkewe walikubaliana waziwazi. Kondoo wakipata mnunuzi kabla ya mvua, atabaki. Wasipopata, atarudi kwenye lori. Tangu siku hiyo akawa na kazi mbili: kuchungulia kondoo, na kuangalia mawingu.

Mnunuzi aliyemtegemea alikuwa Shemeji, kaka wa mkewe, mwenye bucha pale sokoni. Siku moja Shemeji alikuja kuwaona kondoo. Alisimama mlangoni mwa banda, akaguna.

"Shemeji, hawa ni kondoo au ni vikapu vyenye miguu?"

"Cheka tu."

"Sicheki. Mtu aliyekuwa akiniletea wanyama amehama. Natafuta mtu wa kuniletea kondoo wazuri mwaka mzima. Ningependa awe wewe, maana dada yangu anakula hapa. Lakini wateja wangu hawanunui undugu. Wananunua nyama. Mnyama aliyekonda hivi anakuwa mgumu, mtu anatafuna mpaka taya linauma. Wanenepeshe, nitarudi."

Shemeji hakuwa amefika hata barabarani, Dereva alikuwa ameshavaa viatu. Alikwenda moja kwa moja kwenye mashine ya kusaga nafaka. Msagaji alikuwa mweupe kwa unga toka nywele hadi kope.

"Kondoo wangu hawakui," Dereva alimwambia.

"Wanakula nini?"

"Nyasi kavu."

"Peke yake? Hizo zinamfanya asife tu. Akitaka kukua lazima aongezewe chakula cha kumtia nguvu. Mahindi, pumba, au…"

"Nipe gunia la mahindi."

"Sawa, lakini ngoja nikueleze namna ya kuwapa."

"Kula nako kunafundishwa?" Dereva alijibu. Gunia lilikuwa tayari begani.

Sasa sikiliza kosa la Dereva, maana ni kosa la kidereva hasa. Madereva wa safari ndefu wana desturi yao. Jioni kabla ya safari, tangi linajazwa mpaka mdomoni. Hakuna anayeondoka na tangi nusu. Dereva aliwatazama kondoo wake, akaona matangi matupu. Akaondoa nyasi zote ili zisiwajaze bure. Akamimina mahindi ndani ya kihori, kile chombo kirefu cha mbao cha kulishia, mpaka yakamwagika pembeni.

Mama Pacha alitoka na ungo mkononi. "Yote hayo? Kwa mkupuo mmoja?"

"Tangi halijazwi kwa kijiko."

"Haraka haraka haina baraka, Baba Pacha."

"Na chelewa chelewa utakuta mwana si wako."

Methali ilimtoka kwa mazoea tu. Lakini ilipotoka, wote wawili waliisikia. Mama Pacha aliinamisha macho. Dereva aliendelea kusawazisha mahindi kwa mikono, ingawa yalikuwa yameshasawazika. Kondoo walikula kwa kishindo. Dume mmoja mkubwa aliwasukuma wenzake kwa kichwa, akala sehemu yake na ya majirani.

Asubuhi Dereva alikwenda bandani akipiga mluzi. Mluzi ulikatika mlangoni.

Hakuna kondoo aliyekuja kumlaki. Wengine walikuwa wamelala, wengine wamesimama vichwa chini. Matumbo yalikuwa yamevimba. Walikuwa wanasaga meno. Walikuwa wakiharisha, na banda zima lilinuka uchachu. Yule dume mkubwa alikuwa amelala ubavu. Dereva alimwinua, akaanguka. Akamwinua tena, akaanguka tena.

"Mama Pacha! Mpigie daktari wa mifugo! Haraka!"

Daktari alifika kwa pikipiki. Alikuwa mama wa makamo, mwenye buti za mpira na macho yasiyodanganyika. Alimshika kondoo mmoja tumboni, akamnusa mdomo, kisha akageuka.

"Jana walikula nini?"

"Nyasi, daktari," Dereva alisema haraka.

Daktari alichukua kijiti. Akachokoa kinyesi kilichokuwa sakafuni. Punje za mahindi zilionekana, nzima kabisa.

"Nyasi za hapa kwenu zinazaa mahindi?"

Dereva alijisikia mdogo kama punje mojawapo. "Niliwapa mahindi, daktari. Niliwajazia."

"Kiasi gani?"

Akamwonyesha gunia. Daktari alilipima kwa macho. Aliamuru mahindi yote yaondolewe na nyasi kavu zirudishwe. Kisha akawanywesha wale wagonjwa dawa ya kupunguza uchachu tumboni, mmoja baada ya mwingine. Dereva alishika vichwa, Mama Pacha akashika chupa. Wengi walianza kupata nafuu kabla jua halijawa kali. Yule dume mkubwa hakupata. Alikufa akiwa amelaza kichwa chake kwenye goti la Dereva.

"Nyama yake isiliwe," daktari alisema. "Mnyama aliyekufa kwa ugonjwa tena ana dawa mwilini, huyo ni wa kufukiwa."

Dereva alichimba shimo mwenyewe. Alichimba kwa hasira, udongo ukaruka mpaka kwenye ukuta. Hasira ilikuwa juu yake mwenyewe. Alipomaliza aliweka jembe chini.

"Sitawapa mahindi tena maishani," alisema.

"Hapo napo utakuwa umekosea," daktari alijibu. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, anaosha buti zake. "Mahindi hayakuua. Pupa imeua. Kaa chini nikueleze."

"Niko sawa nikisimama."

"Kaa."

Dereva akakaa.

"Kondoo ana tumbo kubwa la kwanza," daktari alianza. "Ndani yake kuna vijidudu vingi mno, vidogo hata jicho haliwezi kuviona. Hivyo ndivyo vinavyomsaidia kumeng'enya nyasi. Wale uliowazoesha nyasi, vijidudu vyao ni mafundi wa nyasi. Ghafla unawamwagia mahindi. Mafundi wa nyasi wanashindwa. Vinaibuka vijidudu vingine vinavyopenda wanga, vinaongezeka upesi, vinachachusha tumbo. Uchachu unaunguza tumbo lenyewe, unaingia kwenye damu. Ndiyo hiki ulichokiona."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Wewe ni dereva. Ukiwa na mzigo mzito mlimani, unaondokaje?"

"Gia ya kwanza."

"Na halafu?"

"Ya pili. Ya tatu. Pole pole, injini isije ikazima."

"Sasa mbona kondoo uliwaondoa na gia ya tano?"

Mama Pacha alicheka kwanza. Dereva alijizuia, akashindwa, akacheka naye. Kilikuwa kicheko chembamba, cha watu waliotoka kufukia mali yao.

"Wape wapumzike kwanza na nyasi mpaka wapone kabisa," daktari aliendelea. "Nitakuja kuwaangalia. Nikikuruhusu, anza na kiganja kimoja kwa kila kondoo. Nusu asubuhi, nusu jioni. Kila baada ya siku chache ongeza kidogo. Chukua wiki mbili au zaidi kufika kwenye kipimo nitakachokupa. Na siku zote nyasi kwanza. Wasile mahindi wakiwa na njaa. Nyasi ndizo zinazowafanya wacheue, na mate ya kucheua yanapunguza uchachu."

"Mahindi niyasage?"

"Yavunje tu, au uyaache punje. Ukiyasaga laini kama unga wa kupikia yanachachuka upesi zaidi. Halafu ongeza kihori cha pili. Ukiwa na kihori kimoja, mwenye mabavu anakula cha wenzake. Yeye anaugua, wao wanakonda."

Dereva alikumbuka yule dume na vichwa alivyokuwa akiwapiga wenzake. Alitazama udongo mbichi kando ya ukuta.

"Na kuna jambo jingine," daktari alisema. "Mahindi yanatia nguvu tu. Nguvu peke yake haijengi nyama. Ukitaka kujenga nyumba, unahitaji mafundi wenye nguvu, si ndiyo? Lakini bila matofali watajenga nini? Matofali ya kondoo ni chakula cha kujenga mwili. Mashudu ya alizeti, yale makapi yanayobaki mbegu zikishakamuliwa. Au majani ya maharage na kunde baada ya kuvuna. Ukiwapa nguvu nyingi bila matofali, ile nguvu inayobaki inageuka mafuta chini ya ngozi. Mnyama anaonekana mnene, kumbe nyama ni kidogo."

"Kwa hiyo nyasi, mahindi, na mashudu."

"Na maji safi, na chumvi ya kulamba ya kondoo. Si ya ng'ombe, hiyo inaweza kuwadhuru. Sasa umekuwa mwanafunzi mzuri. Tatizo lako si kusikia. Tatizo lako ni kungoja."

Daktari alijua anachosema. Kungoja ndiko kulikomshinda Dereva. Wagonjwa walipona, daktari akatoa ruhusa, viganja vikaanza. Alipima mahindi kwa mkono, akayatazama, akaona ni machache mno. Kiganja kimoja! Hata kuku angelalamika. Alizunguka banda, akaangalia mawingu, akarudi. Mkoani kwingine, watu walisema, mvua ilikuwa imeshanyesha. Tajiri alipiga simu. "Dereva, nasikia ngurumo huku." Dereva alikata simu akiwa anatokwa jasho.

Mchana huo Mama Pacha alimkuta ndani ya banda, kopo la mahindi mkononi. Haukuwa wakati wa kulisha.

"Hilo kopo linafanya nini?"

"Kidogo tu. Nawaongezea kidogo tu. Mvua hizo zinakuja!"

"Weka chini."

"Mama Pacha, wewe huelewi. Wasiponenepa, mimi naondoka!"

"Mimi ndiyo sielewi?" Sauti yake ilipanda, kisha ikapasuka. "Mimi niliyejifungua peke yangu? Niliyekuwa nikisikia lori lolote likipita naruka kutoka kitandani? Unafikiri wewe ndiye unayetaka ubaki kuliko mimi? Ukiwaua hawa kwa haraka zako, umejifukuza mwenyewe, Baba Pacha. Si mvua. Si tajiri. Wewe."

Kondoo walikuwa wakiwatazama, taya zinacheua. Dereva hakuwahi kujua habari ya kuruka kitandani. Alirudisha mahindi kwenye gunia, akampa mkewe kopo.

"Likae kwako," alisema. "Asubuhi na jioni unipimie wewe."

Ikawa hivyo. Mama Pacha alipima, Dereva akalisha. Nyasi kwanza, kisha mahindi yaliyovunjwa na mashudu yaliyochanganywa, katika vihori viwili. Mikono ikipungukiwa na kazi, alifagia banda. Likishakuwa safi, alilifagia tena. Mchwa wa eneo lile walihama.

Kidogo kidogo mambo yakaanza kubadilika. Kwanza ilikuwa manyoya, yakapoteza ukavu wake. Kisha wanakondoo wakubwa wakaanza kurukaruka jioni. Daktari alipokuja, alimfundisha Dereva kupima kwa mkono. "Manyoya yanadanganya. Weka vidole hapa, mgongoni, nyuma ya mbavu za mwisho. Ukigusa mfupa mkali, bado amekonda. Ukiugusa mfupa lakini umezungukwa na nyama iliyojaa, yuko tayari. Ukiutafuta mfupa usiuone, umechelewa, hayo ni mafuta."

Dereva alianza kuwapapasa kila jioni. Ile mifupa mikali ilikuwa inazama taratibu ndani ya nyama. Hapo ndipo pepo wake wa haraka alipogeuka upande wa pili. Shemeji alipokuja, Dereva hakutaka kuuza.

"Ngoja kidogo," alisema. "Nikiwaongezea mahindi mwezi mmoja zaidi, watakuwa kama mapipa!"

Shemeji alimpapasa kondoo mmoja mgongoni, kisha mkiani. "Mapipa ya nini? Huyu yuko tayari. Ukimwongezea, utakuwa unanunua mahindi ili unitengenezee mafuta. Wateja wangu wakiona mafuta mengi wanayakata na kuniachia mezani. Nataka mafuta kidogo, ya kulainisha nyama na kuipa ladha. Yakizidi ni hasara, yako na yangu. Nampeleka huyu leo. Nikimfungua ndiyo nitajua kama una mkono au una bahati."

Siku iliyofuata Dereva alikwenda bucha. Alipewa kigoda, akakikataa. Alisimama mlangoni, akatoka nje, akarudi ndani. Ndani ya bucha kondoo wake alikuwa amening'inia kwenye ndoano. Shemeji alinoa kisu polepole kuliko ilivyohitajika. Alijua anamtesa.

"Sema basi, Shemeji!"

"Sogea uone." Shemeji alikata kipande pajani. Nyama ilikuwa nyekundu, imeshikana. Juu yake palikuwa na utando mwembamba wa mafuta meupe. "Bonyeza. Umeona? Ngumu kwa kidole, laini kwa jino. Yule aliyekonda angekuwa mifupa na kano. Yule wa mapipa yako angekuwa mafuta matupu. Huyu ni nyama."

Mteja mmoja, mama mpishi wa hoteli ndogo ya jirani, aliingia akanunua paja zima. Kesho yake alirudi asubuhi na mapema. Alikuwa anauliza kama "kondoo wa jana" wamebaki. Shemeji alimjibu kwamba wanakuja. Kisha akampigia Dereva simu: amletee mmoja mmoja, kila anayekuwa tayari, na asije akamwuzia mtu mwingine.

Habari zilienea. Wafugaji walianza kupita kwa Dereva na maswali. Aliwaambia yote, hata kifo cha dume hakukificha. Aliwaonyesha vihori viwili, akawashikisha mgongo wa kondoo ili vidole vyao vijifunze. Kwa yule aliyetaka kuwamwagia kondoo wake gunia zima jioni hiyo hiyo, alimshika bega. "Ndugu yangu, kondoo si lori. Muulize daktari kwanza, anza na kiganja."

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana. Matone makubwa yalipiga bati la banda, na simu ikaita palepale, kana kwamba tajiri alikuwa amekaa na kidole kwenye kitufe.

"Mvua hizo, Dereva. Unakuja?"

"Hapana, tajiri. Mtafute mwingine."

"Unaliacha lori kwa sababu ya kondoo?"

"Naliacha nilale nyumbani kwangu."

"Haya," tajiri alisema. "Wewe ulikuwa dereva mzuri."

Dereva aliingia ndani akiwa amelowa, akamwambia mkewe. Alitegemea kelele, vigelegele, chochote. Mama Pacha alikwenda chumbani. Akainama, akavuta mfuko wa safari kutoka chini ya kitanda. Ulikuwa umejaa, umefungwa zipu mpaka mwisho.

"Nini hiki?"

"Nguo zako. Nilizifungasha siku ile tuliyomfukia yule dume. Nilijua siku ya kuondoka mikono yangu itakataa, nikaona bora nifungashe mapema."

"Siku zote hizi ulikuwa umelala juu yake?"

"Siku zote."

Dereva alikaa sakafuni, akafungua zipu. Soksi zilikuwa zimekunjwa mbilimbili. Shati la buluu lilikuwa juu, limepigwa pasi.

"Hili shati! Si uliniambia limeliwa na panya?"

"Ningekuambia nini?"

Alianza kuzitoa nguo moja moja na kumpa. Mama Pacha alizipokea, akazitundika kabatini kwa mpangilio, shati kwa shati. Alikuwa analia, na hakujificha.